Jina la Dada

3 Machi

Mdogo wangu Kasuku,

Hujambo? Mtoto hajambo, ananyonya vizuri? Mimi naendelea, ila uvimbe huu tumboni unanisumbua kila ninapoinama kwenye cherehani. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utalia, na ukilia hunijibu.

Jana shemeji kanipigia, furaha tele, eti mtoto kapewa jina langu. Nikakata simu. Unajua mama alivyotufundisha: jina la mtu halipewi mtoto, mwenye jina akiwa hai. Mimi nilipewa la bibi, bibi keshazikwa. Zimebaki wiki chache nipasuliwe, na wewe umeshaligawa jina langu. Na sanda mmeshanunua?

Dada yako

9 Machi

Dada mpenzi,

Shikamoo. Mtoto mzima, mimi pia. Tumbo linaendeleaje? Unakula?

Dada, umelikuza jambo dogo. Jina lako siku hizi ndilo lenye chati. Tangu yule mtangazaji wa televisheni aanze kusoma habari, kila mzazi analitaka. Darasani ninakofundisha nikiliita, wanaitika watoto wanne. Tena hawalitamki kama sisi. Wanalivuta mwanzo, wanalikata mwisho, hata wewe usingegeuka. Tumefuata wenzetu tu.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zako nimezipata, na uongo wako pia.

Nilipokuwa shule jina hili lilikuwa la vikongwe. Wasichana waliniita Bibi mpaka namaliza, na wewe, kadogo vile, ukawa unawapiga kwa ajili yangu. Leo unaniambia umeiga televisheni? Wewe ambaye gauni likivaliwa na mwingine hulitaki tena?

Siku uliponisindikiza kwa daktari, mlibaki wawili ndani. Ukatoka macho mekundu, ukasema ni vumbi. Alikwambia nini? Mpaka unijibu, hospitali siendi. Jina moja kwa watu wawili, mmoja lazima ampishe mwenzake. Nimeshamwambia muuguzi kitanda changu ampe mwingine.

Dada yako

28 Machi

Dada,

Shikamoo. Sijui hata kama utaisoma hii. Simu hupokei, na jirani yako mshona viatu anasema unashona tu, husemi na mtu.

Nimeandika na kuchana, nimeandika na kuchana. Ukweli ni huu. Daktari alisema uvimbe umechelewa kujulikana. Wanaopasuliwa, wengine huamka, wengine hawaamki. Asiyepasuliwa haumalizi mwaka. Nilirudi nyumbani na mimba yangu, nikakaa jikoni nikashindwa hata kuwasha jiko. Mama hayupo. Ukiondoka na wewe, jina lile nitamwita nani? Niliogopa, dada, na kwa woga wangu nikakuzika ungali mzima. Pale darasani nikiliita, nawaonea wivu mama zao, wao wana wa kumwita.

Kesho naenda kwa msajili kulibadili. Mtoto atapata lingine. Wewe nenda hospitali, nakuomba.

Mdogo wako

2 Aprili

Kasuku,

Hujambo? Mtoto hajambo? Barua yako nimeisoma mara moja, ikanitosha. Nimekasirika, sikufichi. Ulijua ukanyamaza, ukaniacha napokea vitambaa vya watu na kuahidi nguo za mwezi wa sita. Lakini angalau sasa naongea na mdogo wangu, siyo na mtangazaji.

Kwa msajili usiende. Kama umeshaenda, rudi ukawaambie umeghairi. Cherehani nimeifunika, ufunguo wa duka anao mshona viatu, na kitanda nimekiomba upya. Kesho asubuhi nalazwa, kupasuliwa ni wiki ijayo. Naogopa kuliko unavyoogopa wewe. Njoo, na mtoto mje naye, atanyonya hapo kwenye benchi kama watoto wa wengine. Nikifumbua macho nataka kuwaona.

Jambo moja tu. Mpaka nitoke, huyo mtoto msimwite jina hilo. Mwiteni kipenzi, mwiteni mama mdogo, mwiteni mnavyotaka. Bado nalitumia.

Dada yako