Kitufe Chekundu

Jumamosi, 1 Machi 1997

Nimenunua daftari hili kwa ajili ya vitufe vya gemu la mpira. Aibu! Mtu wa miaka arobaini na nne. Lakini kichwa hakishiki, lazima niandike.

Kijani – pasi. Njano – shuti. Nyekundu – kukaba. Mkono wa kushoto – kukimbia.

Leo nimefungwa saba bila. Kanifunga Theoneste, yule anayelima kibarua hapa Kihanga. Kasema, mzee, unashika pedi kama umeshika kuku wa kuchinja. Benchi zima likacheka. Melkiory, mwenye gemu, hakucheka. Hakuniangalia hata. Kasema tu: anayefuata.

Hilo ndilo neno la kwanza nililosikia kwake mwaka huu.

Jumapili, 2 Machi

Mchungaji kaniita baada ya ibada. Ijumaa Kuu nawekwa mzee wa kanisa. Kauliza, Gosbert, una neno na mtu yeyote? Nikasema sina.

Uongo – tena mlangoni pa kanisa!

Niandike basi, maana hapa hasomi mtu. Mwaka 1981, Kihanga na Nyakakika, uwanja wa shule. Mimi beki. Melkiory winga wao. Timu moja ya Bukoba ilishamwita, Jumatatu yake asafiri. Akanipita mara tatu. Watu wananizomea, na Anatolia, ambaye ndiyo kwanza namchumbia, naye anacheka. Mara ya nne niliuacha mpira nikaenda na goti lake. Nilikusudia. Nililisikia likilia. Refa nikamwambia nimeteleza, uwanja una matope. Wote wakaamini. Kasoro yeye.

Bukoba hakwenda. Baadaye akahamia huku kwetu kwa ajili ya duka. Anachechemea mpaka leo. Mara mbili nilikwenda kwake nimwambie. Mara zote mbili nilipobisha hodi alitoka kwa mlango wa nyuma, akaenda zake.

Jumanne, 4 Machi

Sasa nieleze kwa nini gemu. Televisheni na hilo gemu Melkiory alinunua kwa wazungu wa kambi ya wakimbizi, walipofunga kambi wakawa wanauza vitu. Jenereta anawasha saa kumi jioni. Sheria yake: ukifungwa unaondoka, ukishinda unabaki. Wa mwisho kubaki anacheza na Melkiory mwenyewe, benchi moja, bega kwa bega.

Hapo hana mlango wa nyuma. Sina njia nyingine ila kujua kucheza.

Leo kapitisha bakuli la kahawa ya kutafuna. Theoneste kachukua punje zake. Mimi nimenyoosha mkono – bakuli likaniruka, likaenda kwa Projest aliyekaa pembeni yangu. Watu wameona. Huku kwetu hata mgeni asiyejulikana jina hupewa punje!

Jumamosi, 8 Machi

Nimekata kipande cha sabuni ya mche, nimechomeka buni nne. Ndiyo pedi yangu. Nafanya mazoezi kwenye migomba, asubuhi, kabla ya kupalilia. Pasi, pasi, shuti.

Anatolia kakikuta mfukoni mwa koti. Baba Kemilembe, ndiyo umepanda kahawa kwenye sabuni yangu? Tutavuna lini? Kacheka mpaka kakaa chini. Na mimi nikacheka. Sikumwambia kitu. Miaka yote hii sijamwambia.

Jumatano, 12 Machi

Nimeshinda! Tatu moja, Projest huyo, kaondoka ananung'unika.

Nilichojifunza: usikimbie na mpira. Pasi mbili fupi, halafu pembeni. Kwenye kona kipa wa mashine anawahi kutoka – subiri.

Lakini Theoneste kaniumbua. Mzee, nyekundu huigusi. Watu unawasindikiza mpaka golini kama bibi harusi!

Ni kweli. Kidole kinafika pale kinakataa. Ukikaba, yule mtu wa kwenye kioo anaanguka anashika goti. Aliyetengeneza gemu hili kaweka mpaka hilo!

Nilipoinua macho Melkiory alikuwa ananitazama mikono.

Jumanne, 18 Machi

Kwenye sabuni nabonyeza vizuri tu. Kwenye kioo, hapana.

Basi nimetafuta njia nyingine. Nasimamisha mtu wangu kwenye njia ya pasi, nanyang'anya mpira bila kugusa mguu wa mtu. Ni kazi! Macho yanauma. Ila leo nimeshinda michezo mitatu mfululizo. Theoneste kasema, mzee, sasa wewe ni polisi wa trafiki.

Jumatatu, 24 Machi

Zimebaki siku tatu kabla ya Ijumaa Kuu. Tumebaki wawili, mimi na Theoneste, mbili mbili – kanifunga dakika ya mwisho. Kitufe chekundu kingeniokoa. Sikukigusa.

Mchungaji kanikuta njiani. Kauliza kama nina shati jeupe. Nikasema ninalo.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Melkiory hakuwasha jenereta.

Nikasimama barazani kwake. Hodi. Nikasikia mlango wa nyuma.

Alhamisi, 27 Machi

Naandika hapa hapa kwake, kwenye benchi.

Nimemfunga Theoneste mbili moja. Kanipa mkono, kasema, haya mzee, nenda kanyolewe. Melkiory kaja kakaa. Bega kwa bega. Mguu kaunyoosha mbele, kama kawaida yake.

Moja moja. Winga wake kanipita. Tena. Tena. Watu wanapiga kelele, kaba, kaba mzee! Mara ya nne nikatoa kidole kabisa, pedi nikailaza magotini. Njia nyeupe mpaka golini – hakupiga. Kasimamisha gemu. Wote wameganda kwenye kioo, winga wake mguu mmoja uko hewani.

Kasema, bila kunigeukia: Mwezi mzima nakuangalia, Gosbert. Mtu aliyeteleza angekiogopa kitufe chekundu?

Nikaanza, Melkiory – kanyanyua mkono. Ngoja. Kawatoa watu wote nje. Theoneste kauliza, sasa nani kashinda?

Melkiory kaleta bakuli la kahawa, kaliweka kati yetu. Kasema, usitafune kwanza. Namwita mke wangu Placida huko shambani, useme yeye akisikia. Yeye ndiye anayelikanda goti hili kila mvua ikinyesha. Jana aliamka nalo alfajiri.

Katoka.

Bakuli limejaa. Jenereta inaunguruma. Winga bado mguu uko hewani. Mlango wa mbele uko wazi, ningeweza kuondoka, na kesho shati jeupe nikalivaa.

Nawasikia. Wanazungukia nyuma ya nyumba, mlango ule ule. Hatua za Placida, halafu zake – moja nzito, moja inaburuta. Placida anauliza, kwani kuna nini? Anamjibu, atasema mwenyewe.

Kama vitufe – nisipoandika kichwa hakishiki. Sikuteleza. Nilikusudia. Sikuteleza. Nilikusudia.

Komeo linafunguliwa.