Sanamu za Watu wa Kale Ukingoni

Garsen, 9 Agosti 1998

Kaka Nassir,

Salamu kwako huko Mombasa. Sisi wazima, ila sanamu zako zimenichosha. Mafuriko yalipopungua ulizijenga kwa saruji ukingoni mwa Tana, ukasema hao ni watu wa kale waliovua hapa kabla yetu sote, kisha ukaondoka. Lawama zote zinanijia mimi! Ng'ombe wa Duba wanaziogopa, hawashuki kunywa maji. Juzi Ijumaa akaja na shoka.

"Mwanasha, leo mimi navunja hizi," akasema.

Nikamfuata mbio. Tukamkuta mama mkwe wako amepiga magoti mbele ya sanamu ya yule mwanamke mwenye mtungi, anamfuta vumbi usoni kwa upindo wa kanga. Duba akaweka shoka chini, akawageuza ng'ombe wake.

Kwa nini hukuniambia umempa sura ya Nuriya? Tangu maji yamchukue mkeo na mwili usionekane, mamake hana kaburi la kuzuru. Sasa huenda pale kila Ijumaa. Huniuliza utarudi lini mumsomee dua pamoja. Nimemwambia una kazi, nimemwambia unaumwa. Nassir, sina uongo mwingine.

Dada yako,
Mwanasha