Neno la Kunikaripia

Shoga, nimetoka kikaoni sasa hivi na bado siamini.

Unamkumbuka yule mteja aliyevuta pazia lake kwenye rundo la nguo pale kwetu dobi akanikuta ndani nimelala? Basi leo nimeitwa mbele ya bosi, msimamizi na mhasibu. Nilijua kazi sina tena.

Bosi akasema, "Tumkaripie." Msimamizi akakataa, eti wanaokaripiwa ni watoto, mimi nikemewe. Mhasibu, unajua alivyo mlokole, akasema kinachokemewa ni pepo. Basi nilaaniwe? Hapana, kulaani ni kazi ya mzazi. Nigombezwe? "Kwani ni mke wako?" mhasibu akamuuliza bosi.

Mimi nimesimama tu, mikono nyuma, nahukumiwa kwa kamusi.

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mara tukasikia mtu anakoroma. Alikuwa bosi, shoga. Bosi mwenyewe, kidevu kifuani, udenda unamtoka.

Hakuna aliyethubutu kumgusa.

Basi msimamizi akanigeukia, akaninong'oneza kwa heshima zote: "Dada, wewe ndiye mwenye uzoefu. Huwa unapenda kuamshwaje?"