Mke Wangu Amekubali

Baba Yasinta,

Barua hii naiandika mwenyewe. Usiutafute mwandiko wa Yasinta humu. Yeye yuko Kibondo kwa mume wake na hajui kwamba naandika. Nilianza Jumatatu, leo ni Alhamisi. Mkono wangu bado ni mzito.

Nimevuna maharage mara tatu tangu tukuzike. Si kule bondeni. Bondeni analima mdogo wako Daudi.

Siku ya kumaliza matanga, watu wakiwa bado wanakula, Daudi alisimama akatoa karatasi kwenye koti. Mwenyekiti wa kitongoji akaisoma. Nikasikia kwamba shamba la bondeni ulishampa Daudi ukiwa hai, na kwamba mimi nilikubali mbele ya mashahidi. Nikasema sijakubali kitu. Mwenyekiti akanionyesha alama ya wino chini ya maandishi. "Mama Yasinta, hiki si kidole chako?"

Kilikuwa changu.

Ndipo nikakumbuka. Ulinikuta uani namenya mihogo, ukaniambia, "Weka kidole hapa, ni ya mbolea ya ruzuku." Hapakuwa na shahidi hata mmoja. Nilipangusa mkono kwenye kitenge ili nisiichafue karatasi yako. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilipangusa mkono! Nikakuuliza kama mbolea itafika kabla ya kupanda, ukasema itafika.

Nilikwenda baraza la kata. Wakaniuliza nani alinishika mkono kwa nguvu. Nikasema hakuna. Wakasema, basi, mama, nenda nyumbani.

Hapa Heru Juu kuna mwalimu aliyehamishwa kutoka Tanga, Mwalimu Rehema. Saa kumi, watoto wakishatoka, anafundisha watu wazima kusoma. Darasa hilo lilikuwepo hata ukiwa hai. Unakumbuka ulivyosema? "Kalamu haipiki ugali." Nami nilicheka, tena sikucheka ili kukufurahisha. Niliamini hivyo. Yasinta alipokuwa darasa la tano aliniandikia jina langu sakafuni kwa mkaa, akaniambia, mama, hili ni wewe. Nikamfokea: "Unataka kunifundisha mimi niliyekuzaa?" Akalifuta kwa mguu. Hakujaribu tena. Kwa hiyo nikiyataja makosa yako, langu nalo lipo, na hilo siwezi kumtupia Daudi wala wewe.

Nilikwenda. Siku ya kwanza magoti yaligonga dawati la watoto, na penseli niliishika kama mpini wa jembe. Mwalimu Rehema akasema, "Polepole, mama, haikimbii." Majirani walisema mjane anatafuta mume shuleni. Niliwaacha waseme. Kuna siku nilitoka pale nikalia njiani kwa sababu ya herufi mbili tu nilizokuwa nazichanganya, mtu mzima mimi, mwenye wajukuu.

Mwaka jana Daudi alikuja na karatasi nyingine, na wino ameufunga kwenye mfuko wa plastiki. "Shemeji, weka kidole, wanaandikisha kaya kwa ajili ya umeme." Badala ya kunyoosha kidole nikaichukua karatasi. Nikaisoma kwa sauti, neno moja moja. Nilikawia mpaka maji ya ugali yakachemka yakamwagika motoni, na Daudi kasimama tu. Nikamwambia, "Shemeji, hapa pameandikwa kiwanja na migomba. Umeme uko wapi?"

Aliikunja akaondoka bila kuaga. Siku hizi akiniona anapita njia ya juu.

Watu wananisifu. Wanasema Mama Yasinta amebadilika, siku hizi haonewi. Ni kweli, nami najiona. Nikimkumbuka yule mwanamke aliyepangusa mkono wake, namwonea huruma, na wakati mwingine natamani kumzaba kofi. Lakini sifa zao hazinipi utamu wowote. Kujua kwangu kulitakiwa kuje nikiwa na mume pembeni, si kwa sababu ya mume.

Baada ya ile siku ya Daudi nilikwenda kwa mwenyekiti nikaomba ile karatasi yako niisome mwenyewe. Niliweka kidole chini ya kila neno. Umesema unampa ndugu yako shamba lisitoke kwenye ukoo, kwa kuwa huna mtoto wa kiume. Huna mtoto wa kiume. Na Yasinta aliyekubeba mgongoni mpaka barabara kuu, siku pikipiki ilipokwama kwenye tope, ili ufike hospitali Kasulu, yeye ni nani? Ulimlalia begani ukihema, na karatasi hiyo Daudi alikuwa nayo tayari.

Mstari wa mwisho una maneno matatu. Mke wangu amekubali. Niliyasoma mara nyingi, nikitumaini nimekosea.

Nilipougua baada ya kumzaa Yasinta ulitwanga mihogo mwenyewe. Wanaume walipita wakakucheka na wewe hukuacha. Ukanipikia, ukanilisha. Mtu huyo na yule wa karatasi, nashindwa kuwaweka pamoja. Ungekuwa hai ningekuuliza swali moja tu. Hupo. Hata kugombana nawe umeninyima.

Jumapili nilipotoka kanisani nilipita kaburini kwako. Msalaba wako ni Daudi aliyemwita fundi akauandika. Nilikuwa sijawahi kuusoma. Wamekuandika ZAKALIA. Siku zote hizi umelala chini ya jina lisilo lako, na katika ukoo wako wote uliouhangaikia sana hakuna aliyeliona, au aliyeliona hakujali. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye majani. Kisha nikalia, mara ya kwanza tangu niisome karatasi yako kwa mwenyekiti.

Sijakusamehe, Baba Yasinta. Nisikudanganye, maana wewe ulinidanganya na najua kunavyouma. Labda nitakusamehe, labda hapana. Lakini kabla mvua hazijaanza nitanunua rangi, nitakuja niandike ZAKARIA, kama ulivyobatizwa. Na chini yake nitaongeza kwa mkono wangu huu: BABA WA YASINTA. Daudi akitaka kufuta, aje afute mchana, watu wakimwona.

Kwaheri.

Mkeo,
Anjelina