Mzee wa Ipyana Alivyokubali Kushikwa

Dada yangu Tupokigwe,

Nakusalimu kutoka huku ziwani, kwenye joto na mvua isiyokoma. Mwezi uliopita mgonjwa wetu mmoja, mama mfinyanzi, aliinuka kitandani peke yake, akateleza kwenye sakafu yenye maji, akavunjika nyonga. Hakupona; tulimzika hapa hapa. Tangu hapo bibi wa misheni anatufundisha sisi wauguzi namna ya kuwashika wagonjwa wanapotembea.

Jana mzee mmoja wa kijiji cha Ipyana, aliyedhoofishwa na homa, alitaka kutoka nje, lakini akaukataa mkono wangu.

"Wewe ni sawa na mke wa mwanangu," alisema. "Mkwe hanigusi."

Unaijua mila yetu. Hata mimi niliona haya. Lakini nilimkumbuka yule mama. Nikamwambia, "Baba, sijaolewa na mwanao. Nihesabu kuwa binti yako."

Akaegemea bega langu. Tulikwenda polepole hadi tukafika mlangoni. Hapo akanishukuru, "Ndaga, mwanangu."

Mama yetu akiteremka mtoni mshike mkono, hata akikukatalia. Mungu awatunze nyote.

Mdogo wako akupendaye,
Atupele