Mkwe wa Dirishani

Bukiriro, Ngara
9 Februari 2025

Mwanangu Irine,

Marahaba hata kabla hujaniamkia, maana najua ungeanza na shikamoo. Huku sisi wazima. Goti langu huuma mvua ikitaka kunyesha, isipotaka linatulia. Mbuzi mmoja amezaa mapacha. Wewe na hilo tumbo mnaendeleaje? Miguu haivimbi?

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu vocha huisha kabla hatujafika kwenye jambo lenyewe. Barua anakuletea Telesfori, yule mnunuzi wa maharage.

Jambo lenyewe ni tamthilia yetu, Nyumba ya Bi Shamsa. Uliona ya Jumatano? Mimi niliona dukani kwa Petronila, wanawake tumejaa mpaka mlangoni. Bi Shamsa, mama mkwe mzima, kakaa kochi moja na Jabali, mume wa bintiye, magoti yanagusana, wanakula pilau sahani moja! Petronila alizima sauti kwa aibu, utafikiri sauti ndiyo iliyokuwa inakula. Huyo aliyeandika hadithi hana mama? Hana mkwe? Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawali pamoja, na sijasikia aliyekufa kwa hilo.

Halafu waliyempa nafasi ya Bi Shamsa ni msichana kabisa. Wamempaka unga kichwani wakasema huyu bibi. Akiinama kuokota kitu, anainuka bila kusema "Yesu wangu". Nani atamwamini?

Niandikie unavyoona wewe.

Mama yako,
Deodata

Runazi, Biharamulo
21 Februari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo hata hivyo, siwezi kuanza bila hiyo. Pole na goti. Sisi hatujambo, mahindi yamesimama vizuri, na Elick ana kazi nyingi karakanani, watu wanataka vitanda na milango. Miguu inavimba kidogo, jioni naiweka juu ya stuli.

Niliiona ya Jumatano, na mimi Bi Shamsa simlaumu. Bintiye Nasra yuko hospitali, mumewe hajala tangu jana, ulitaka mama wa watu amtupie chakula kwa mbali? Ninayemlaumu ni aliyemchagua Jabali. Eti mkulima wa tumbaku, kucha zinang'aa! Alivyoshika jembe, mume wangu Elick alicheka mpaka akatoka nje. Elick anasema mwandishi si mbaya, ila ana haraka, watu wanagombana na kupatana kabla ya matangazo ya biashara.

Mama, nina ombi. Nesi anasema nitajifungua mwishoni mwa Aprili. Ni mtoto wa kwanza na ninaogopa. Mama yake Elick alishatangulia mbele za Mungu, na wifi zangu wako mbali. Njoo ukae nami. TV iko hapa hapa sebuleni, hutagombania nafasi na mtu.

Binti yako,
Irine

Bukiriro, Ngara
10 Machi 2025

Mwanangu Irine,

Salamu nyingi, na pole na miguu. Uikande kwa maji ya moto yenye chumvi. Sisi tunaendelea, Mungu hatuachi.

Kuhusu Jabali umesema kweli. Yule hata mzigo wa kuni hajawahi kuubeba. Lakini usimtetee Bi Shamsa, utanikosanisha na wewe.

Kuhusu kuja, nilitaka kusingizia mbuzi. Afadhali nikwambie wazi. Nyumba yenu ina chumba kimoja na sebule. Mumeo akirudi kutoka kazini, mimi nitajificha wapi? Nishinde nimejifunika kanga usoni kama mwali? Au nimfukuze mwanamume kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe? Nimezeeka nikiwa na heshima yangu, sitaki kumaliza kama yule wa kwenye kochi.

Nakupenda, na kila rozari naanza na jina lako. Lakini njoo wewe huku, ujifungulie kwa mama yako kama nilivyojifungua mimi kwa mama yangu.

Mama yako,
Deodata

Runazi, Biharamulo
29 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini goti limepungua.

Mimi si mzima sana. Presha imepanda na nesi amekataza safari, hata ya Biharamulo mjini nisiende bila sababu. Kwa hiyo huko siji.

Barua yako imeniliza, sikufichi. Umesema Bi Shamsa hana haya. Sawa. Lakini alikuwepo, mama. Nasra alipofumbua macho hospitalini alimkuta mama yake ameketi pembeni ya kitanda. Mimi nitamkuta nani?

Nilimsomea Elick ulichoandika. Alikwenda karakanani, akarudi na tepu, akaanza kupima sebule kutoka ukutani mpaka dirishani, akahamisha TV, akatoka nje kuchungulia, akarudi, akaihamisha tena. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema mwambie mama asubiri kidogo, asikatae kwanza.

Binti yako,
Irine

Bukiriro, Ngara
8 Juni 2025

Mwanangu Irine,

Nimefika nyumbani salama kutoka kwenu. Gari lilituharibikia Lusahunga, tukala mahindi ya kuchoma mpaka likapona. Mjukuu wangu Clarisse hajambo? Bado anakunja ngumi akinyonya? Na wewe ule, usinihadae kwamba umeshiba.

Tangu nirudi sijapumzika. Petronila na wenzake wamenizunguka: "Deodata, nyumba ile moja, mkwe yule, ulikaaje?" Nikawaambia, mkwe wangu alinitengea pembe ya sebule kwa pazia, akanichongea kiti chenye mgongo na kukiweka nyuma ya pazia hilo. TV akaiweka mahali ambapo mimi naiona kutoka kitini kwangu, na yeye anaiona akiwa nje dirishani, lakini sisi wawili hatuonani. Kulala analala karakanani. Wakashangaa, na Petronila akasema ukwe wa namna hiyo waandishi wa tamthilia hawaujui.

Sasa nikwambie jambo usilolijua, maana wewe na mtoto mlikuwa mmelala. Ilikuwa Jumamosi alasiri, wanarudia vipindi vya wiki nzima. Mvua ikashuka. Nikasikia inampiga pale nje, naye haondoki. Nikavumilia, nikashindwa. Nikasema, "Mkwe, mvua hiyo." Ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia bila kupitia kwako. Akajibu, "Mama, Jabali anakaribia kusema ukweli. Siwezi kuondoka." Mimi nikacheka mpaka pazia likatikisika.

Kuanzia hapo tukawa tunabishana, yeye nje, mimi ndani. Alinishinda kuhusu mwandishi, nilimshinda kuhusu waigizaji. Siku Bi Shamsa alipozidiwa na ugonjwa, nikasema yule msichana analia vibaya, mikono inaning'inia tu, mtu mwenye maumivu hushika kitu. Akauliza, "Ashike nini, mama?" Nikasema hata mlango. Nikasikia mvua tu. Nikadhani ameondoka. Kisha akasema mama yake siku za mwisho alishika ukingo wa kitanda, kitanda ambacho yeye Elick alikitengeneza akiwa bado anajifunza kazi, na mpaka leo hajakiuza wala hakilalii.

Irine, moyo uliniuma. Nilitaka kutoka nimshike mkono, na ningetoka, lakini nilijua nitamwaibisha. Nikamimina chai kwenye kile kikombe kikubwa, nikakiweka dirishani, nikarudi nyuma ya pazia. Baadaye nikakikuta kitupu, kimesuuzwa kwa maji ya mvua.

Nilikuandikia kwamba naogopa kuvunjiwa heshima. Sijawahi kuheshimiwa vile maishani mwangu. Wanaotafuta mtu wa kuigiza mkwe wangekuja Runazi, ila yule hatawafaa, maana muda wote angewapa mgongo.

Mama yako,
Deodata

Runazi, Biharamulo
22 Juni 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, na Clarisse amenenepa mpaka shingo haionekani. Presha imeshuka, nesi ameridhika.

Nilimsomea Elick barua yako. Nilipofika kwenye chai alijifanya anatafuta msumari.

Sasa sikia vituko. Sebule yote amerudishiwa, lakini kipindi kikianza anatoka, anakwenda dirishani. Nimemwambia ingia, mama ameshaondoka. Anasema humo ndani hakuna wa kubishana naye, mimi kila analosema namkubalia. Kiti chako hataki mtu akikalie, hata mgeni wa parokia alipewa stuli. Na tangu juzi anapigilia mbao na bati juu ya lile dirisha. Wapita njia wakimuuliza anajenga nini, anasema anamwandalia mama mkwe wake mahali pa kumgombeza.

Binti yako,
Irine

Bukiriro, Ngara
5 Julai 2025

Mkwe wangu Elick,

Salamu kwako, na kwa Irine, na kwa Clarisse. Mimi mzima, goti limetulia kwa kiangazi.

Sijui kama kuna mama mkwe hapa Bukiriro aliyewahi kumwandikia mkwe wake. Nimelifikiria siku kadhaa, nikaona barua haina macho, kwa hiyo hatujavunja kitu.

Nina shida. Sola ya Petronila imekufa na fundi bado hajaja, wiki nzima hatujaona kipindi. Usimpe Irine kazi ya kunisimulia, anaruka, anakimbilia mwisho. Niandikie wewe, taratibu. Bi Shamsa ameamka? Na yule msichana safari hii alishika kitu, au mikono bado inaning'inia? Usimpendelee. Nami nikiona umempendelea, nitakujibu.

Lile bati juu ya dirisha lifanye pana. Nakuja Novemba, mvua zikiwa zimeanza, na sitaki unyeshewe tukiwa katikati ya maneno. Chai nitaiweka pale pale.

Kile kitanda usikiuze. Clarisse akikua, alale yeye.

Mama yako,
Deodata