Kilio cha Zimwi la Mlimani

Wifi yangu mpenzi,

Sisi hatujambo, ila mtoto anakohoa. Ile filamu ya zimwi imetoka, na watu wanaisifu kweli.

Umeniuliza marehemu kaka yako aliangukaje. Vazi la zimwi alilovaa nililishona mimi, kwa magunia na mazulia makuukuu. Mwongozaji alitaka macho madogo ili litishe, nami nikayabana. Kaka yako hakuuona ukingo wa jabali. Alipolia kutoka bondeni tulidhani anaigiza, tukampigia makofi. Makofi, wifi!

Kilio kile wamekiacha kwenye filamu. Mama akitaka kuiona, mdanganye kwamba imeharibika. Mimi naitazama kila siku, maana sauti yake nyingine sina.

Wifi yako,
mshonaji